Mafuta ya Nywele Katika Mashine ya Hesabu

Mwaka ule wa sitini na moja, kusi, ule upepo wa kusini, lilipoingia na asubuhi zikawa za kujifunika, Mwidani alikuwa fundi wa mashine za hesabu katika idara ya hali ya hewa ya chuo kimoja, jumba lake liko Changamwe, njia ya uwanja wa ndege. Mashine zenyewe hazikuwa za umeme. Kila moja ilikuwa chuma kizito juu ya meza, kina magurudumu ya tarakimu ndani, na ubavuni kina mkono wa kuzungusha. Ukizungusha, inajumlisha. Kazi ya Mwidani ilikuwa kuzifuta, kuzikaza na kuzitia mafuta.

Mashine ya dirishani, upande wa upepo, ilikuwa ya Nyamvula. Yeye ndiye aliyejumlisha mvua ya Kwale, ya Malindi, ya Voi na kwengineko. Alikuwa mwanamke pekee chumbani mle, na mshahara ule ndio uliomlisha mamake kule Chaani.

"Nyamvula, na jina lako hilo la mvua, huwezi kuihesabu?" Bwana Kefa, karani mkuu, mtu wa bara, alisimama mbele yake na karatasi. "Nairobi wameturudishia tena hesabu zako. Makumi yamepotea. Tisa na moja kwako ni ngapi?"

"Kumi, bwana."

"Na hapa hiyo kumi imekwenda wapi? Umeila?"

Chumba kizima kikacheka. Mwidani naye akacheka, kitambaa mkononi.

"Si mimi, bwana. Mkono wa hii mashine asubuhi huwa mzito. Jua likipanda, hulainika."

Kefa akaketi, akazungusha. Jua la adhuhuri lilikuwa limeshachoma mabati. Kila jumla ikatoka sawa.

"Mimi si mtu wa kuonea mtu," alisema Kefa. "Kesho asubuhi nitakuja kuijaribu mwenyewe, na baridi yako hiyo. Ikikosea, nitakuomba radhi mbele ya hawa wote. Isipokosea, utakwenda nyumbani."

"Inshallah, utaona mwenyewe," alisema Nyamvula.

Alfajiri ya pili, kule Likoni, Mwidani alikuwa akinywa chai ya tangawizi uani. Mkewe, Mwanasaumu, alitoka na chupa ya mafuta ya nazi, akaipindua. Hakikutoka kitu. Akaitikisa, akacheka.

"Baba Rehema, kitendawili!"

"Tega."

"Asubuhi jiwe, mchana maji."

Mwidani alifikiri, akashindwa.

"Nipe mji," alisema Mwanasaumu.

"Chukua Changamwe."

"Changamwe nimekwenda, nimekaa kwenye kiti, wananipepea. Nikarudi kwa feri bure, maana nahodha ananiogopa." Akamwonyesha chupa. "Mafuta ya nazi, mume wangu! Siku za kusi huganda hivi, mpaka niyaanike. Unaishi na mwanamke miaka yote hii, hujui anapaka nini kichwani?"

Mwidani alikiweka kikombe chini. Kopo la mafuta ya mashine, lile la ofisini, lilikuwa ndani juu ya cherehani ya Mwanasaumu. Alikuwa amelileta mwenyewe, kwa siri, ndani ya mfuko wa koti, ili mkewe ashone nguo za watu bila kelele. Kule ofisini akaona haya kuandika kopo jengine kwenye daftari la stoo mapema vile. Akachukua mafuta ya nazi kidogo kwenye kichupa, akaitia mashine ya dirishani, akijiambia mafuta ni mafuta. Na kweli yaliteleza. Alitia mchana, yalipokuwa maji; asubuhi yaliganda kwenye magurudumu.

"Mbona umeniacha na kitendawili changu?" aliuliza Mwanasaumu. Mwidani alikuwa keshaingia ndani, ametwaa kopo, anakimbilia feri.

Njiani alijiambia anakwenda kumsaidia Nyamvula. Akifika kabla ya watu, aisafishe mashine, hesabu zitoke sawa, maneno yaishe. Akayasema hayo moyoni kwenye feri, akayasema tena kwenye basi, lakini hayakumkaa. Alichokiogopa hasa ni Kefa kufungua kifuniko akasikia harufu ya nazi.

Aliiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha, akaitia mafuta yake ya haki. Akanawa mikono kwa sabuni. Alipofungua mlango, Kefa na Nyamvula walikuwa wakiingia, na makarani wengine nyuma yao.

Kefa hakuvua hata koti. Tisa na moja, kumi. Tisini na tisa na moja, mia. Akazungusha mpaka wenzake wakachoka kutazama. Mkono ulikwenda mwepesi kama uzi kwenye sindano.

Hapo ndipo Mwidani alipoelewa alichokifanya. Ule uzito ndio uliokuwa shahidi pekee wa Nyamvula, naye ameuosha kwa mikono yake.

Nyamvula aligusa mashine, nayo baridi kama kila asubuhi, akavuta mkono haraka. Akamgeukia. "Kaka Mwidani. Wewe ndiwe fundi wake. Waambie, basi. Ina nini?"

Watu wote wakamtazama.

"Iko sawa," alisema Mwidani.

Na ilikuwa sawa wallahi. Nyamvula alikunja leso yake, akachukua kikombe chake cha chai, akatoka bila kuaga.

Mchana Mwidani hakuweza kula. Kiti cha dirishani kilikuwa wazi, na kila alipoinama juu ya mashine nyingine alikihisi nyuma yake. Mwishowe akaenda kwa Kefa, akamwekea kile kichupa mezani, akasema yote: kopo, cherehani, nazi, mafuta ya taa.

Kefa alinusa kizibo. "Nyinyi watu wa hapa ni ndugu tu. Unamkingia dada yako."

"Si dada yangu. Acha niitie mashine mafuta haya mbele yako sasa, ufunge chumba, ufunguo ukae nao wewe. Kesho asubuhi kutakuwaje?"

Kefa, kwa mazoea tu, akatazama ubao wa utabiri. "Baridi. Upepo wa kusini."

"Basi tungoje upepo wa kusini."

Asubuhi Kefa alifungua mwenyewe. Akaweka tisa, akaongeza moja, akazungusha mkono uliokuwa mzito. Ikatoka sufuri, na kando yake, palipopasa kuwa na moja, pakabaki sufuri vile vile. Akazungusha tena.

"Kamwite," alisema. "Radhi yake nitamwomba mimi. Wewe ukirudi, uniletee funguo za stoo; hutazishika tena."

Mwidani alikwenda Chaani kwa miguu. Nyamvula alikuwa akifagia mlangoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, ufagio mkononi, hakumkaribisha.

"Jana niliposimama mbele yao nikakuuliza," alisema, "ulikuwa unajua?"

Mwidani alitaka kurudia habari ya kopo, na ya kuona haya, na ya Mwanasaumu.

"Nilikuwa najua."

Nyamvula aliuegemeza ufagio ukutani. "Ngoja hapo hapo. Nivae."

Akaingia. Mwidani akasimama juani. Kutoka ndani mama mtu aliuliza kwa sauti ya usingizi ni nani huyo asiyekaribishwa.

"Fundi wa mashine," alijibu Nyamvula.