Plasta ya Mwenyekiti

Mwalimu Kavutha hakuwa na muda wa kuogopa mawe. Alikuwa na watoto arobaini wa chekechea, choo kimoja, na darasa la mabati lililokaa hatua kumi kutoka ukingo wa timbo la zamani la mawe huko Njiru. Lakini alipouona ufa ukishuka kwenye ukuta wa timbo, chini ya darasa lake hasa, alimwita Ayuma, mjiolojia wa chuo kikuu, aje amwambie jambo moja tu: watoto wakae au wahame?

Kyule, mwenyekiti wa kamati ya ploti, alipopata habari alikasirika kama aliyeharibiwa posa. Ploti za kando ya timbo zilikuwa bado zinauzwa.

"Mwalimu, unaita mgeni kabla hatujafagia?"

Akaleta fundi na ngazi. Ufa ukapigwa plasta juu hadi chini, ukapakwa chokaa, na pembeni pakaandikwa kwa rangi nyekundu: MUNGU NI MWAMBA WETU.

Wiki tatu baadaye Ayuma alifika. Akautazama ukuta.

"Nani ameuvalisha mwamba sare?"

"Ni usafi tu, daktari," Kyule akasema.

Ayuma aliweka dira yenye kipimo cha mwinamo juu ya jiwe, akasoma, akaandika. Alimweleza Kavutha kwamba majivu ya volkano huanguka na kulala tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye sahani. Ukikuta matabaka yamepinda, kuna kilichoyasukuma. Na tabaka jekundu likiwa usawa wa goti upande huu wa ufa, na usawa wa kiuno upande ule, basi mwamba umekatika na upande mmoja umeshuka.

"Umeshuka lini? Juzi, au enzi za Nuhu?" Kavutha akauliza.

"Hapo ndipo penye kazi. Kwa kawaida tunabandika plasta juu ya ufa, tunaandika tarehe, halafu tunasubiri tuone kama itapasuka."

Wote wawili wakageuka kutazama ukuta. Fundi, kama mafundi wote, alikuwa amechora kwa msumari kwenye saruji mbichi jina lake, tarehe na nambari ya simu. Ufa mpya ulikuwa umepita katikati ya nambari hiyo, na tarakimu za mwisho zimeshuka chini ya zile za mwanzo.

Ayuma akapima. "Milimita sita, kwa wiki tatu. Asante, Mwenyekiti. Umetufanyia utafiti."

"Huyo fundi ni bure kabisa! Nitaleta mwingine."

"Mwalimu," Ayuma akasema, "hamisha watoto leo."

Kyule akaita kamati papo hapo. Wakapiga kura, na kwa kura saba dhidi ya moja mwamba ukatangazwa kuwa imara.

"Imeingia kwenye kumbukumbu," Kyule akasema.

"Na mwamba wenyewe ulihudhuria?" Kavutha akauliza.

Akaingia darasani. "Kila mtu na kiti chake. Mstari mmoja. Atakayekimbia ataniona!"

Watoto arobaini wakatoka, viti vichwani, wakaandamana hadi kwenye veranda ya Kyule. Kati ya nyumba zote za wanakamati, hiyo ndiyo pekee iliyojengwa mbali na timbo.

"Hodi, Mama Mwelu!" Kavutha akamwita mke wa mwenyekiti. "Chekechea imehamia kwako. Baba Mwelu atakueleza ni kwa nini."