Kitufe cha Ghorofa ya Nne

Wewe uliyepita getini asubuhi, ukaona karatasi juu ya kitufe, "Kengele mbovu", ukageuza shingo kama mtu aliyeona mzoga: haya unaambiwa wewe.

Mzee wa ghorofa ya nne, mkata tiketi mstaafu, hakuomba makuu. Umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, transfoma ya kengele yake, ile inayopunguza nguvu ya umeme, ikaungua. Msimamizi wa jengo akasema, "Kesho, mzee." Lifti nayo ilikufa kwa kesho hiyohiyo, na taa za ngazi, hatujasahau. Kesho hiyo sasa ina miezi saba.

Magoti ya mzee hayashuki ngazi. Mdogo wake, waliyenuniana miaka mingi, alikuja kupatana. Akabonyeza, akangoja, akadhani amesusiwa, akaenda zake. Mshonaji wa mlango wa pili ndiye aliyemwona akiondoka. Simu ya kaka yake hapokei tena. Baada ya hapo ndipo msimamizi akabandika karatasi. Ndiyo kazi yake pekee mwaka huu.

Basi mzee akaamua kusuka transfoma mwenyewe. Elimu yake ni vitabu viwili vilivyochanika na kurushwa na umeme mara tatu. Alibomoa redio mbovu akatoa vyuma, akakunja kadibodi ikawa bobini, kigogo cha kushikia waya, akakizungushia waya wa shaba mwembamba kama unywele. Mizunguko elfu moja na mia moja, akiihesabu kwa sauti, na kila mia akihamisha kifungo cha shati toka bakuli moja hadi jingine. Siku tatu sauti pekee humo ndani ilikuwa yake, nayo ilitaja namba tu.

Ukabaki waya mnene, mizunguko sitini. Alipofika thelathini, mshonaji akaingia.

"Mzee wa Koili, hiyo shaba umeioa?"

"Thelathini! Usinisemeshe, dada, nitapotea."

"Potea tu. Nimekuja kuaga. Nahama leo."

Mzee akaweka bobini chini. "Na wewe pia, kama wengine?"

"Ngazi zimenishinda. Cherehani imeshatangulia. Nitapita kwa mdogo wako nimwambie aje Jumapili, kengele inalia. Usiniaibishe!"

"Italia."

Akacheka, akamwongezea vifungo viwili bakulini, akaenda. Ghorofa nzima ikabaki na mtu mmoja.

Mzee akaokota kazi yake, macho bado mlangoni, akamalizia thelathini nyingine. Akapanga vyuma, akaunga, akawasha. Mita ya kupimia volti ikasoma sifuri. Akakaa kitako sakafuni, akaigeuzageuza kazi yake mikononi. Ndipo alipong'amua: aliiokota bobini kichwa chini. Nusu ya pili ameizungusha kinyume. Nusu moja inasukuma, nyingine inarudisha.

Akachomoa umeme, akakata waya pale katikati, akabadilisha ncha, akalehemu. Volti kumi na mbili! Akagusanisha nyaya za kengele, ikapiga kelele hadi vumbi likamwagika. Alipiga makofi peke yake.

Lakini kitufe kiko chini, ngazi themanini, na waya unaoshuka hadi huko hajui kama ni mzima. Jumapili imepita. Labda mdogo wake hakuja. Labda alikuja, akasoma karatasi. Mzee amegeuza kiti kikaielekea kengele, vifungo mkononi.

Rudi pale getini. Bandua hiyo karatasi. Kitufe cha nne. Bonyeza sasa hivi, na usitoe kidole mpaka ajibu.