Sita za Bibi

Mjomba alitaka kumhamishia bibi kwake. "Sukari haichezewi," alisema. "Pale peke yake, nani atajua akizidiwa?" Bibi hakutaka kuiacha nyumba yake. Basi mimi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikajitia kimbelembele: nikamtengenezea programu ndogo kwenye simu. Kila asubuhi angejipima, aandike kipimo, nasi tukione.

Siku ya kwanza aliandika, "Sijambo, mjukuu wangu." Programu ikakwama, maana ilijaribu kugeuza salamu iwe namba. Nikaongeza ukaguzi: kisicho namba kikataliwe, swali lirudiwe mpaka namba ije.

Tangu hapo zikaja sita tupu. Sita, sita, sita. Mjomba akafurahi kwamba sukari imetulia. Mimi roho haikutulia, nikaenda kumwona.

Nilimkuta jikoni akinywa maji bila kupumzika, jagi limekaribia kwisha.

"Bibi, unajipima kweli?"

"Najipima, mke mwenzangu. Lakini hicho kidude chako hakina adabu. Nakiandikia, 'Leo kumi na nne, macho yana ukungu.' Kinanijibu, 'Andika namba.' Narudia, nacho kinarudia, 'Andika namba.' Kama mlinzi wa getini! Nilipobonyeza sita kikasema, 'Asante.' Nikaona yaishe."

Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka. "Si ungebonyeza moja na nne?"

Akaizungusha glasi mezani. "Ningehamishwa."

Nilikuwa nimekagua kama jibu ni namba. Kama ni la kweli, hilo halikunijia hata akilini, na sijui ni ukaguzi gani ungeliona. Nikafungua kompyuta palepale. Namba ikija kwa maneno, igeuzwe. Maneno mengine yapokelewe yalivyo, yahifadhiwe kando yake.

"Haya, andika ulivyopima leo."

"Na mjomba wako ataona?"

"Ataona. Ila nitakuwa hapa. Chuo si mbali, na chumba cha nyuma kiko wazi."

"Unakoroma wewe."

"Nimerithi."

Akavaa miwani. Akaandika polepole, kumi na tano, macho bado. Kidole kikasita juu ya kioo muda mrefu, nami nikajizuia kumsaidia. Kisha akabonyeza.

Hazikupita dakika nyingi, mjomba akapiga. Bibi aliitazama simu ikiita, akanisogezea.

"Ongea naye, mpangaji."