Siku Mzee Kiti Alipokataa Usukani

Nanjala alikata tikiti kwa miaka mingi katika ofisi ya mabasi ya Bwana Kavumbi, pale Mwembe Tayari mjini Mombasa, kabla hajapewa usimamizi wa kituo kizima. Madereva, makondakta, mahamali wa mizigo na wakata tikiti wenzake, wote wakawa chini yake kwa mpigo mmoja.

Aliyemtangulia, Morris, alikuwa mtu wa kelele. Kipaza sauti cha kuwatangazia abiria ndicho alichokitumia kumkaripia dereva aliyechelewa, na watu wa hoteli za ng'ambo ya barabara wakaacha kula wakasikiliza. Dereva akisema amechoka, alisimamishwa kazi wiki nzima, na katika wiki hiyo alitakiwa aje kila siku akae mbele ya ofisi, wenzake wakipita wakimwona. Nanjala aliyatazama hayo yote kutoka nyuma ya kidirisha chake, akanyamaza, maana naye alikuwa na watoto wa kusomesha.

Siku alipokabidhiwa kituo aliwaita wote nyuma ya ofisi, mahali pa kuoshea mabasi, akawaambia mambo mawili tu. La kwanza, dereva akihisi mwili haumpi, aje aseme hawezi. Hataulizwa kwa nini, wala hatasimamishwa. La pili, siku ya mtu ya mapumziko ni yake. Hakuna atakayempigia simu kumwita kazini.

Hakuna aliyepiga makofi. Tony, kondakta mwenye sauti kubwa kuliko wote, alikohoa kikohozi cha mtu asiyeumwa kifua, kisha wakatawanyika.

Zikapita wiki, ukapita mwezi, asije dereva hata mmoja. Mwanzoni Nanjala alifurahi, akaona watu wake wazima wa afya. Halafu furaha ile ikageuka wasiwasi. Watu wote hawa, wenye nyumba na wagonjwa na madeni na magoti yanayouma, ati hakuna hata mmoja anayeamka akajiona hafai kubeba roho za watu? Akamwuliza Mbodze, binti wa Kigiriama aliyekuwa jirani yake kidirishani na ambaye hakuwa na kawaida ya kumpaka mtu mafuta.

"Hivi wananiogopa?"

"Hawakuogopi, dada," Mbodze akasema. "Wakungoja. Wataka kuona wa kwanza atafanywaje."

Wa kwanza akawa Mzee Kiti.

Shule zilikuwa zimefungwa wiki hiyo, na mji ulikuwa unajaa na kumwagika. Basi la asubuhi la Nairobi halikuwa na kiti kilichobaki. Abiria walikuwa wameshakaa, mahamali wanasukuma magunia ya mwisho kwenye buti, Tony yuko mlangoni anahimiza. Mzee Kiti akaingia ofisini. Alikuwa dereva mkongwe kuliko wote, mtu wa shati jeupe lililopigwa pasi, na hakuna aliyekumbuka siku aliyokosa kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama."

Mzee Kiti akatoa ufunguo wa basi mfukoni, akauweka mezani kando ya chupa ya chai. Aliuweka polepole, kama anayeweka yai.

"Leo siwezi," akasema.

Nanjala alitazama nje. Aliziona nyuso zimepangana madirishani, akamwona mama mmoja anampepea mtoto kwa kanga. Hasira ilimpanda, hawezi kusema haikumpanda. Siku zote za mwaka, leo? Neno "kwa nini" likapanda kifuani, likafika kwenye meno. Akalibana hapo hapo mpaka likarudi lilikotoka.

"Haya, mzee," akasema. "Kaa unywe chai."

Mzee Kiti alimtazama. "Basi, hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akakaa. Nanjala akammiminia kikombe.

Tony aliposikia, alishika kichwa. "Karisa yuko Bondeni hapo, dada. Mpigie, sasa hivi atakuwa amefika."

"Karisa yuko mapumzikoni leo."

"Najua. Ndiyo maana yuko nyumbani."

Nanjala alichukua simu. Jina la Karisa lilikuwa pale kwenye kioo, likingoja kidole tu. Alijua Karisa angekuja, tena angekuja mbio bila kunung'unika, kwa sababu enzi za Morris mtu asiyekuja mbio alikiona cha moto. Hilo ndilo lililomzuia. Angetimiza neno moja kwa kulivunja la pili, na watu wangejua kwamba maneno yake ni ya siku zisizo na shida. Akaiweka simu chini.

"Sasa gari litajiendesha lenyewe?" Tony akauliza.

Mbodze ndiye aliyeokoa jambo, angalau nusu yake. Alitoa kichwa kidirishani akasema, "Levi yuko kwao Voi, njia hii hii ya Nairobi. Zamu yake ni ya jioni. Muulize kama ataka kuianza mapema."

Nanjala akampigia Levi, akamweleza, akamwambia ana hiari ya kukataa. Levi alikuwa amelala vizuri na amekunywa uji. "Mimi sina neno, dada," akasema. "Nitalishika mpaka Nairobi. Ila mimi niko Voi, na gari liko Mombasa. Nani atalileta?"

Nanjala akamwomba angoje simu yake. Akatoka, akapanda basini, akasimama mbele ya abiria. Morris angewaambia gari lina hitilafu kidogo. Nanjala aliwaambia kama ilivyo, kwamba dereva amesema leo hayuko sawa kuendesha, kwamba yeye amemsadiki, na kwamba anatafuta njia. Asiyeweza kungoja arudishiwe nauli yake sasa hivi.

Maneno yakaanza. Mwanamume mmoja aliyevaa suti alisema huu ni uhuni, akashuka akadai pesa zake, akapewa. Kijana mmoja nyuma akasema dereva amelewa tu. Lakini yule mama mwenye mtoto aliacha kupepea, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea peke yake, "Yule wa gari lililomwua kaka yangu hakumwambia mtu kwamba amechoka. Mimi nitangoja." Baada ya hapo basi likatulia, na wengi wakabaki pale walipokaa.

Haukupita muda, tuk-tuk kutoka Tudor ikasimama mbele ya ofisi, akashuka Bwana Kavumbi mwenyewe na ndara za nyumbani, akaingia moja kwa moja mpaka mezani kwa Nanjala. Habari ilikuwa imemfikia kitandani. Ni nani aliyeifikisha, Nanjala hakuwahi kuuliza, ingawa alimwona Tony akijishughulisha ghafla na tairi la nyuma.

"Nanjala! Gari langu limejaa watu limesimama kama nyumba!"

"Nimeliona, Bwana Kavumbi."

"Dereva si huyu hapa anakunywa chai? Mpe ufunguo!"

Nanjala hakuugusa ufunguo. "Mimi simpi," akasema. "Nilimwambia akisema hawezi nitamsadiki. Ufunguo ule pale. Ukitaka, mpe wewe mwenyewe."

Bwana Kavumbi akauchukua ufunguo, akamgeukia Mzee Kiti. Watu hawa wawili walianza kazi pamoja ujanani, mmoja akishika usukani, mwingine akining'inia mlangoni akiita abiria, na walikuwa wakibadilishana zamu.

"Kiti. Una nini?"

Mzee Kiti aliweka kikombe chini. "Mtoto huyu hakuniuliza, nami sikumwambia. Wewe umeuliza, nitakwambia. Mjukuu wangu Ketty ana homa. Mimi na bibi yake tunapokezana kumkandakanda, na usingizi nimeusahau unafananaje. Leo nimetoka nyumbani, nakumbuka nimefunga mlango. Halafu nakumbuka nimesimama langoni hapa. Hapo kati, Kavumbi, sina kitu. Barabara nimeivuka na magari yake yote, wala sijui nimeivukaje. Sasa nambie wewe unayeijua kazi hii. Itakuwaje pale Mariakani, malori yakianza?"

Bwana Kavumbi akakaa kwenye kiti cha abiria kama mtu aliyekatwa pumzi. Nanjala aliona hasira inamtoka mzee yule usoni, na kilichobaki pale kilikuwa kama hofu, hofu ya kitu kilichokuwa karibu kutokea kwa amri yake mwenyewe.

"Na wewe ungekaa kimya," Bwana Kavumbi akasema hatimaye, "kama angekuwa Morris?"

"Ningeendesha," akasema Mzee Kiti. "Nimeshawahi."

Bwana Kavumbi akainuka. "Nenda nyumbani ukalale. Panda hiyo tuk-tuk yangu, usiende kwa miguu." Kisha akamtazama Nanjala. "Kuna mtu Voi?"

"Levi. Amelala vya kutosha, yuko tayari."

"Mwambie angoje." Akachomoa pochi, akatoa leseni yake, akamwonyesha Nanjala kama mtoto anayeonyesha cheti. "Haijaisha. Kila inapofika muda wake naikata upya, mke wangu hunicheka. Tafuta mtu aniazime viatu."

Viatu vilitoka kwa hamali mmoja, vikubwa kidogo. Bwana Kavumbi alipopanda basini, yule mama mwenye mtoto alimpima kutoka kichwani hadi chini. "Huyu naye anajua?"

"Mama, barabara hii naipita tangu kondakta huyu hajazaliwa," akasema Bwana Kavumbi, akajirekebisha kitini, akawasha gari. Tony akaruka mlangoni uso umemshuka. Basi likatoka polepole, kwa adabu zote, likashika njia ya kwenda bara.

Adhuhuri ilikuwa imepita simu ilipolia.

"Nanjala," Bwana Kavumbi akasema, sauti yake ikitoka kama ya mtu aliyelala chali. "Barabara hii imerefuka lini?"

"Ni ile ile, Bwana Kavumbi."

"Malori hayana mwisho. Na joto lile la injini! Nimemkabidhi Levi gari, mimi niko kwa mama yake, amenitandikia mkeka. Mgongo umekataa kunyooka. Na hapa ni Voi tu. Wao huenda mpaka Nairobi, sivyo?"

"Na kurudi," akasema Nanjala.

"Na kurudi," akarudia mwenyewe. Nanjala akamsikia akimshukuru mtu kwa maji ya kunywa, na simu ikakatika.

Bwana Kavumbi akarudi mjini. Kabla wiki haijaisha aliajiri dereva wa akiba, mwanamke mmoja kutoka Kilifi aitwaye Nyevu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kituoni tayari, na siku asipohitajika alilipwa vile vile. Bwana Kavumbi alilalamika kwamba Nanjala atamfilisi, akatia saini.

Karisa naye, kesho yake ya siku ile basi lilipokwama, alikuja na uso wa mtu aliyenyimwa kitu.

"Nasikia gari lilikwama na mimi niko Bondeni hapa nafua nguo. Mbona hamkuniambia?"

"Ilikuwa siku yako, Karisa. Niliahidi sitakuita."

"Kuniita ni kitu kimoja," Karisa akasema. "Lakini si ungeniuliza? Levi ulimuuliza. Mimi ningesema ndiyo, au ningesema nafua nguo. Lakini ningejua umenihesabu mimi kuwa mtu wa kuombwa."

Nanjala alikaa na maneno yale siku nzima. Alikuwa ameona kumlinda mtu ni kumweka mbali, kumbe mwenyewe alitaka kuwa ndani. Akamwendea Karisa jioni pale kwenye mabasi, akamwambia amesema kweli, na tangu siku hiyo ukawa ndio utaratibu. Mtu aliye mapumzikoni haitwi, lakini huweza kuulizwa, na akisema hapana mazungumzo yanaishia hapo kwa amani. Wengine walikataa. Wengi walikubali. Karisa, alipoulizwa mara ya kwanza, alikataa kwa furaha kubwa, kana kwamba alikuwa anajaribu kama mlango unafunguka kweli.

Mzee Kiti alirudi akiwa ameshiba usingizi, shati lake jeupe kama kawaida. Ketty alikuwa amepona na ameshaanza kuvunja vyombo, na bibi yake alituma bakuli la kaimati kwa ofisi nzima. Mwezi uliofuata madereva wawili walikuja, kila mmoja siku yake, wakasema hawawezi. Nyevu akashika usukani, na mabasi yakaondoka kwa wakati.

Kisha asubuhi moja Tony akaingia, akaonyesha koo lake kwa kidole. Alijaribu kusema, ikatoka hewa tupu. Sauti ile iliyokuwa ikisikika mpaka sokoni ilikuwa imekauka. Alikuwa anaona haya, maana bila sauti hakujua yeye ni nani.

"Njoo ukae hapa," Nanjala akamwambia, akimvutia kiti kwenye kidirisha. "Kazi hii yataka macho na mikono. Nyamaza mpaka upone."

"Na huko nje?" Tony akanong'ona.

Mbodze alikuwa ameshavaa viatu. "Mimi siku zote natamani kuita," akasema, akatoka.

Hakupiga kelele kama Tony. Aliita majina ya miji moja baada ya jingine, taratibu, akiyavuta mwishoni kama anayewabembeleza abiria waende: Voi, Mtito Andei, Emali, Nairobi. Watu walisimama na mizigo yao wakamsikiliza, kisha wakaja dirishani. Tony alikata tikiti haraka haraka huku akitikisa kichwa kwa mshangao. Nanjala akamimina chai, akaegemea mlango, akaiacha sauti ile iendelee.