Zebra ya Mbele ya Zahanati

Mimi kazi yangu ni kuchora barabara. Mwaka wa kumi na tisa huu naichorea halmashauri mistari, mishale na zebra, mpaka mtaani wananiita Mama Zebra. Sijawahi kukataa kazi. Lakini Jumatatu ile Injinia, bosi wangu, aliponikabidhi karatasi, damu ilinichemka.

Mpango mpya wa usalama barabarani: futa zebra ya zahanati, chora nyingine mbele ya jengo jipya la halmashauri, hatua mia mbili huko chini.

"Bosi, mmeota?"

"Tulihesabu wavukaji, Mama Zebra. Asubuhi nzima, mara nne tu."

"Siku gani hiyo?"

Akapekua faili. "Jumamosi."

Jumamosi! Zahanati imefungwa, mtaa mzima unajua. Hizo mara nne bila shaka ni mlinzi wa geti, kaenda kununua sigara, karudi, kaenda tena kununua kiberiti, karudi.

"Takwimu zimeshapelekwa juu," akasema Injinia. "Mimi nitafanyaje?"

Dada yangu mkubwa anatembea kwa magongo tangu pikipiki ilipomgonga pale pale, kabla hapajawa na zebra. Niliichora mimi, yeye akiwa bado wodini. Kila Jumanne na Alhamisi anavuka kwenda kufanyishwa mazoezi ya mguu. Hatua mia mbili kwenda, mia mbili kurudi, kwa magongo? Thubutu! Angevuka pale pale bila mistari, na safari hii ningemzika.

Jioni nilimweleza. Akasema, "Mdogo wangu, usije ukapoteza kazi kwa ajili ya mguu wangu."

"Dada, hebu niache. Kesho uwahi tu."

Jumanne saa mbili asubuhi nikapanga koni, nikafungua ndoo ile ile ya rangi niliyopewa kwa ajili ya jengo lao. Nikachora juu ya zebra ya zamani, mstari kwa mstari, nyeupe pee. Wagonjwa wakajaa pembeni wakisubiri ikauke: wajawazito, wazee, jamaa mmoja na bandeji kichwani. Dada alisimama mbele yao wote.

Injinia akaja mbio, tai imerukia begani. "Unafanya nini? Huku ni kukaidi amri!"

"Ndiyo, nakaidi. Andika hivyo hivyo, usipunguze neno. Ila kwanza hesabu, leo ni Jumanne."

Rangi ilipokauka nikaondoa koni. Dada akatangulia, ko, ko, ko, akapita mbele ya pua ya lori, na dereva akasimama. Wengine wakamfuata. Nikamtupia jicho Injinia, nikaona midomo inamchezacheza. Alikuwa anahesabu.

Pamoja na hayo, mchana akaniletea barua ya kusimamishwa kazi. Nikaisaini kwa mkono wenye rangi, dole gumba langu likabaki pale chini, jeupe.

"Zebra inafutwa kesho," akasema, bila kunitazama usoni.

"Na nani?" nikamwuliza. "Halmashauri nzima ina mchoraji mmoja, na huyo umeshamsimamisha."



Alhamisi nilimsindikiza dada zahanati. Magari yalisimama pande zote mbili, na la Injinia likiwemo. Tukavuka polepole, kwa makusudi.