Kasuku Alipoacha Kusema

Wenzake walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa binti wa miaka kumi na mitatu, na aliweza kuigiza sauti ya kila mwalimu, hata mkuu wa shule anavyokohoa kabla ya kutoa adhabu. Kwa hiyo alipoanza kusinzia darasani, na akiulizwa kitu anatikisa kichwa tu, mwalimu wa hisabati alimshika mkono akampeleka kwa mwalimu wa ushauri.

"Huyu kajaa kiburi," alisema mlangoni. "Labda wewe utakiweza."

Chumba cha ushauri zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Mipira iliyoishiwa upepo ilirundikana pembeni, na mlango ulikuwa haufungiki vizuri, hivyo mwalimu wa ushauri alikaa ameuegemea kwa kiti, wasikilizaji wa nje wasipate mwanya. Siku ile hakumhoji mtoto. Alimpa mpira na pampu.

"Nisaidie hii, mwanangu. Mikono yangu imezeeka."

Kasuku akajaza mpira bila neno. Kesho yake akarudi mwenyewe, na keshokutwa. Siku moja, macho yakiwa kwenye pampu, akauliza, "Mwalimu, mtu akikataa kula kabisa, inachukua muda gani mpaka afe?"

Mwalimu akainama karibu naye. "Nani amekataa kula?"

Yakatoka yote. Tangu baba yake afariki, mama yake, fundi cherehani aliyezoea kuimba kwa sauti kuliko mashine yake, alipanda kitandani akaugeukia ukuta. Kasuku ndiye aliyepika, akambembeleza ameze vijiko viwili vitatu, akamfuta mwili kwa kitambaa cha maji. Kila asubuhi alimfungia mlango kwa nje kabla ya kuja shule, kwa sababu siku moja alimkuta amesimama katikati ya barabara kuu, magari yanampigia honi, naye hageuki.

"Mikasi yote nimeificha," alisema mtoto. "Na wembe. Lakini usimwambie mtu, mwalimu, nakuomba. Ndugu za baba wakijua watanichukua. Nikienda mimi, mama atabaki na nani?"

Mwalimu akamshika mabega. "Kuna siri naweza kukubebea, mwanangu. Hii nikiibeba itaua mtu."

Kasuku akamtazama kama mtu aliyesukumwa kisimani na mkono aliokuwa ameushikilia. "Basi bora ningenyamaza," akasema.

Mchana ule ule waliongozana hadi nyumbani. Mama alikuwa mwepesi kama nguo isiyo na mtu ndani. Alipelekwa hospitali akalazwa. Nesi akataka ndugu mtu mzima wa kuweka sahihi. Mwalimu si ndugu, na Kasuku ni mtoto. Ikabidi baba mdogo apigiwe simu. Akaja kutoka mji wa mbali, shati limenyooshwa, akamshukuru mwalimu kwa mikono miwili.

"Umetuokolea familia, mwalimu. Mtoto niachie mimi. Damu haitupwi."

Mwalimu aliwaaga kituoni. Kasuku alipanda gari bila kugeuka. Alipofika dirishani alisema neno moja tu: "Nilikuambia."

Miezi ilipita. Dawa zilimfaa mama. Alianza kukaa, kisha kutembea, na siku moja akatokea shuleni, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, akaketi katikati ya ile mipira.

"Mwalimu, nimepona. Mwanangu arudi."

Baba mdogo alipopigiwa simu alicheka kidogo. "Nimrudishe mtoto kwa mgonjwa wa akili? Hapana, mwalimu. Na mke wangu ana mapacha, binti anamsaidia sana."

"Anasoma?"

"Tutaangalia mwakani."

Walikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, wakaambiwa wasubiri. Wakarudi, wakaambiwa afisa kahamishwa. Kila walipotoka pale, mama alishuka ngazi polepole zaidi kuliko alivyozipanda.

Hatimaye baba mdogo alikubali angalau wasalimiane. Mwalimu akaweka simu mezani, akafungua spika. Zilisikika sufuria, na watoto wachanga wakilia.

"Mwanangu," mama alisema, amejiinamia juu ya simu. "Ni mimi. Sasa nakula mwenyewe. Nimeanza hata kushona."

Kisha sauti tulivu, kama ya mtumishi anayejibu mlangoni: "Shikamoo, mama. Nashukuru kwamba umepona. Ninafua, maji yatakatika."

Simu ikakatwa. Mama aliendelea kuitazama.

"Huyo si mwanangu," alinong'ona. "Mwanangu ana maneno."

Walipojaribu tena baadaye, namba ile haikupatikana.

Mama aliacha kwenda kuchukua dawa. Mwalimu akawa anapitia kwake kila baada ya masomo, anapiga hodi, anaita, "Dada, ni mimi." Kuna siku alifunguliwa. Siku nyingine alisimama nje hadi majirani wakamwonea huruma, akisikiliza kama ndani kuna mtu anayepumua.