Spika ya Kulia

Saa tatu asubuhi Damas alikuwa amejikunja ndani ya buti la gari jeupe la Mzee Eliakimu, mbele ya kibanda chake cha ufundi pale Majengo, akiunga spika mbili za besi kwenye amplifaya. Mzee Eliakimu, mkandarasi wa visima, alikaa pembeni kwenye kigoda akila zabibu na kutema kokwa.

"Nikufungie stirio au mono, mzee?"

"Tofauti yake?"

"Mono, nguvu zote zinakwenda pamoja, vioo vinatetemeka. Stirio, kila spika inabeba upande wake."

"Stirio. Mimi ni mtu mzima, sitetemeshi vioo."

Waya mzee alikuja nao mwenyewe, mweusi, mnene kama kidole, kwenye gurudumu la mbao. Ubavuni mwa gurudumu paliandikwa kwa rangi nyekundu: Mradi wa Maji, na chini yake jina la kijiji kimoja cha upande wa Chamwino. Damas alikifahamu. Ndiko alikoolewa dada yake, Frida, na ndiko kisima kilikochimbwa mwaka juzi kikabaki bila pampu.

"Huu si waya wa pampu, mzee?"

"Ulikuwa umekaa bure."

"Na pampu yenyewe?"

"Iko shambani kwangu, inanisaidia kwa muda. Siku hizi serikali imetuachia kazi sisi watu binafsi, fundi. Mambo ni taratibu."

Damas alikaza skrubu ya mwisho, akawasha redio. Spika ya kushoto ikapiga rumba. Spika ya kulia ikatoa maji.

Alidhani waya wa hasi umelegea. Akaukaza, maji yakaongezeka. Fyuzi ilikuwa nzima. Akachomoa nyaya, akaziunga mono: vioo vikatetemeka, maji yakakatika. Akarudisha stirio: rumba kushoto, maji kulia, yakitiririka kutoka butini hadi kwenye vumbi la barabara. Mama mmoja muuza ulezi akasogeza magunia yake yasilowe.

"Inavuja kwenye stirio tu," Damas alisema.

Alikinga kiganja, akaonja. Maji yalikuwa na chumvi kwa mbali na ladha ya udongo mwekundu, ile aliyoizoea kwa dada yake.

"Ni ya kule kisimani, mzee. Ni maji yao haya."

Alisema kwa adabu, maana aliamini kwamba mtu akijionea kwa macho yake hana haja ya kuhubiriwa. Mzee Eliakimu aliinuka, akachovya vidole, akayaonja. Damas aliona macho yake yamelainika, akafurahi.

"Nimekuelewa, fundi," mzee alisema hatimaye. "Unaweza kuniwekea swichi? Huku stirio, huku mono."

Damas akajua kwamba mzee anataka kuyazuia maji yasipotee mpaka pampu irudi kwa wenyewe. Aliifunga swichi ile chini ya dashibodi kwa uangalifu ambao hakuwahi kuutumia kwa mteja mwingine, akaizungushia utepe mara tatu ili isije ikafa.

Baada ya majuma mawili alipanda baiskeli kwenda kumwona dada yake. Alimkuta kisimani na wanawake wengine, ndoo zimepangwa foleni, kamba ndefu ya kuteka imekunjwa na kuwekwa kando.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa, fundi wangu. Tunangoja."

"Pampu imeletwa?"

"Pampu gani tena?"

Kutoka chini kabisa ya kisima ilipanda sauti ya gitaa, na baada yake mtu akiimba. Damas aliinama kwenye mdomo wa saruji. Ilikuwa rumba, safi, bila mkwaruzo hata kidogo.

"Anaosha gari mkandarasi huyo," alisema mwanamke mmoja, akinyoosha miguu yake mchangani. "Akiwasha huko, huku maji yanazama kamba isikoweza kufika."

"Heri leo gari," Frida alisema. "Juzi alimwagilia bustani. Tulikaa kanda nzima, pande zote mbili. Mwanahawa huyu aliinuka akacheza."

"Ningefanyaje? Muziki mzuri," Mwanahawa alijibu, na wenzake wakacheka.

Damas alibaki ameshika ukingo wa kisima. "Nilimwambia, dada. Aliyaonja. Akasema amenielewa."

"Sasa, wewe si unamjua?" Frida alimfuta vumbi begani kama alivyokuwa akimfuta zamani. "Ukirudi mjini mwombe aweke nyimbo fupi. Watoto wanachelewa shule."

Damas akasema atamwomba.